Kenya iliikataa hukumu ya bahari. Ami asema kweli?

Msomaji wetu wa Kizingitini, kisiwani Pate, ameandika:

"Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasomea uhusiano wa kimataifa. Somo la kwanza kabisa tuliambiwa hakuna serikali juu ya serikali. Nilipomweleza ami yangu, ambaye ni nahodha, alicheka sana. Akasema kwa hivyo mwenye bunduki ndiye mwenye haki, na hiyo ada ya miaka minne ni ya nini? Akanipa na ushahidi: Kenya ilishindwa na Somalia kule The Hague mwaka 2021, ikasema haitambui, na hakuna aliyeifanya kitu. Sikuwa na jibu. Je, asema kweli? Na wavuvi wetu wanaopita Kiunga kwenda juu, sasa wako upande gani wa sheria?"

Marahaba, mwanangu. Mpe ami salamu zangu, na umwambie hoja yake si ya kupuuzwa. Wako maprofesa wakubwa wa Ulaya na Marekani waliojijengea jina kwa kusema hilo hilo analolisema yeye bure akiwa ameshika usukani. Huitwa wahalisia. Kwao, kila nchi inajilinda kivyake, mkataba hudumu muda ule tu unaomfaa mwenye nguvu, na yaliyobaki ni hotuba. Nimewasomesha vijana nadharia hiyo muda mrefu, na siku nyingi naiona dunia ikienda vivyo hivyo. Taabu ni kwamba ami amejichagulia ushahidi mbaya. Kesi ya Somalia na Kenya ukiifungua vizuri inamgeukia mwenyewe.

Tuulize kwanza bunduki ilikuwa kwa nani. Somalia ilifungua kesi tarehe 28 Agosti 2014. Wakati huo serikali ya Mogadishu haikuwa inalala bila askari wa Umoja wa Afrika, na Kenya ilikuwa imo katika kikosi hicho. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, punde baada ya wageni kutekwa nyara Kiwayu na Manda, mambo ambayo watu wa Lamu hawahitaji kukumbushwa. Mwaka uliofuata yakawa yamo Kismayu. Jeshi la majini la kutajika Somalia haikuwa nalo. Kwa hesabu ya ami, nchi ya namna hiyo isingethubutu hata kuandika barua. Ilithubutu. Ikamshitaki jirani ambaye askari wake wako ndani ya nyumba yake, na miaka saba baadaye ikaondoka na sehemu kubwa ya bahari iliyokuwa ikigombewa.

Iliwezaje? Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile iliyoko The Hague, haina uwezo wa kuita nchi isiyokubali kuitwa. Kenya ilikuwa imekubali yenyewe, na zamani. Tarehe 19 Aprili 1965, uhuru haujatimiza hata miaka miwili, serikali yetu iliweka Umoja wa Mataifa tamko la kukubali kuhukumiwa na mahakama ile dhidi ya nchi nyingine iliyokubali vilevile. Somalia ilikuwa imeweka lake miaka miwili kabla. Karatasi hizo zikakaa kabatini karibu nusu karne bila mtu kuzijali, mpaka wanasheria wa Mogadishu wakazitoa. Kenya ikapinga: kulikuwa na hati ya makubaliano ya tarehe 7 Aprili 2009, ikasema, na kwa hati hiyo mzozo ulikuwa umalizwe kwa mazungumzo. Mahakama ikalitupa pingamizi hilo mwaka 2017. Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi.

Sasa bahari yenyewe. Hapa inafaa uchukue ramani, maana magazeti mengi yaliandika habari hii bila kueleza kilichokuwa kinavutwa. Pwani yetu haikukaa kaskazini kwa kusini moja kwa moja. Imelala mshazari, kutoka kusini-magharibi kupanda kaskazini-mashariki. Mpaka wa nchi kavu unaishia ufukweni kati ya Kiunga na Ras Kiamboni. Swali ni ukitoka pale kuingia baharini unashika njia gani. Kenya ilitaka mstari uende mashariki sawasawa, kufuata latitudo. Somalia ilitaka mstari wa katikati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani zote mbili. Kwa sababu pwani imelala mshazari, mstari wa katikati huinamia kusini-mashariki na kupita mbele ya Lamu huko mbali. Kati ya mistari hiyo miwili mkawa na pembetatu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000.

Hoja kubwa ya Kenya ilikuwa kimya cha jirani. Tulitangaza mpaka wa latitudo mwaka 1979, tukarudia mwaka 2005, na Somalia haikupiga kelele, aliyenyamaza amekubali. Majaji wakasema kunyamaza huko hakukuthibitishwa kiasi cha kugeuka mkataba, na wakakumbuka kwamba kwa miaka mingi Somalia haikuwa na serikali ya kusema wala kunyamaza. Katika hilo walikuwa kauli moja, wote. Lakini walipofika kuchora, hawakuipa Somalia mstari wake mzima. Waliangalia pia mpaka wetu wa kusini. Kule, kwa sababu ya Pemba, Kenya na Tanzania zilikubaliana kufuata latitudo, kwa barua za mwaka 1975 na 1976 na mkataba wa mwaka 2009. Ukiweka mstari wa Tanzania chini na mstari wa katikati juu, bahari ya Kenya inazidi kubanwa kila ukienda mbali. Majaji wakausogeza mstari wa juu kuelekea kaskazini, nyuzi 114 za dira kuanzia maili 12 za baharini kutoka ufukweni, ili kupunguza kubanwa huko. Hilo lilipita kwa kura 10 dhidi ya 4. Na ombi la Somalia kwamba Kenya itangazwe kuwa imevunja sheria kwa kufanya shughuli katika eneo lile lilikataliwa na majaji wote. Kwa hivyo anayesema Kenya ilinyang'anywa kila kitu hakuisoma hukumu, na anayesema Somalia ilipata yote iliyoyataka hakuisoma pia.

Hukumu ilisomwa tarehe 12 Oktoba 2021. Kenya ilikuwa imesusia tangu vikao vya Machi. Ilisema inaikataa hukumu yote. Na hapa kuna jambo ambalo ami akilisikia atacheka mara ya pili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 94, unasema nchi ikikataa kutii hukumu, iliyoshinda inaweza kwenda Baraza la Usalama. Mwezi ule mwenyekiti wa Baraza la Usalama alikuwa Kenya. Siku hiyohiyo ya hukumu, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa New York akiongoza kikao cha Baraza. Mshindwa amekalia kiti ambacho mshindi angekwenda kushitakia! Mtunga vichekesho angeambiwa amezidisha.

Basi mwambie ami kwamba hapo yuko sawa: askari hakuna. Hakuna manowari iliyokuja Manda kututoa baharini, wala haitakuja. Pale anapokosea ni kudhani kwamba askari ndiye njia pekee ya hukumu kuuma.

Chukua mafuta. Mwaka 2012 Kenya iligawa vitalu vya bahari vilivyokuwa ndani ya pembetatu ile: vitatu kwa Eni ya Italia, kimoja kwa Total ya Ufaransa. Kuchimba kisima kimoja kwenye kina cha namna hiyo hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, mara nyingi hupita milioni mia, na hakuna anayechimba kwa pesa za mfukoni. Kuna benki, kuna bima, kuna wanahisa, kuna mwanasheria ambaye kazi yake ni kuuliza hati ya kiwanja iko wapi. Kabla ya Oktoba 2021 jibu lilikuwa "pana mzozo". Baada yake, kwa sehemu kubwa ya eneo, jibu ni "mahakama imesema ni ya mwingine". Nairobi inaweza kukataa kwa sauti yoyote, lakini haiwezi kumlazimisha wakala wa bima wa London kukubali. Upande wa pili, Somalia sasa inafanya mikataba ya bahari ikiwa na ramani iliyopigwa muhuri. Februari 2024 ilitiliana saini na Uturuki mkataba wa ulinzi na bahari, na Oktoba mwaka huohuo meli ya utafiti ya Kituruki, Oruç Reis, ikatia nanga kuanza kupima vitalu vyake. Kazi hiyo yote imefanyika bila polisi wa dunia.

Halafu tazama Kenya ilifanya nini wiki chache kabla ya hukumu. Mwezi Septemba 2021 iliondoa lile tamko la mwaka 1965. Serikali inayoamini kwamba mahakama ni maneno matupu ingeliacha lilivyo. Yetu ilijua uzito wake, ndiyo maana ikalitoa.

Ami hatakosa kuniuliza: je, si wapo waliokataa na ikawa basi? Wapo. Juni 1986 mahakama hiyohiyo iliihukumu Marekani kwa vitendo vyake dhidi ya Nicaragua. Marekani ilikataa, na Nicaragua ilipokwenda Baraza la Usalama ikakuta kura ya turufu. Mwaka 2016 jopo la wasuluhishi liliipa Ufilipino haki juu ya bahari inayodaiwa na China. China ikasema karatasi ile haina thamani, na meli zake ziko palepale mpaka leo. Hii ni mifano ya wakubwa kweli, wenye turufu mkononi. Wahalisia huitegemea sana, na wana sababu.

Kenya si Marekani. Mfano unaotufaa ni Bakassi, rasi yenye samaki na mafuta mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Tarehe 10 Oktoba 2002 mahakama iliipa Kamerun. Nigeria, nchi kubwa kuliko mwenzake kwa kila kipimo, yenye askari wake pale Bakassi na watu wengi wa pale wakijiita Wanigeria, ilikataa. Magazeti ya Lagos yaliandika kama ya Nairobi yalivyoandika 2021. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaanza kuwakutanisha marais wawili, taratibu, bila kutishana. Juni 2006 wakatia saini makubaliano ya Greentree. Agosti mwaka huo askari wa Nigeria wakaanza kuondoka, na Agosti 2008 eneo likakabidhiwa. Ilichukua miaka sita. Kilichobadilika katikati si moyo wa Nigeria. Ilihitaji madeni yake yafutwe, ilitaka kuonekana kiongozi wa Afrika, na kila meza iliyokalia ilikuta hukumu imetangulia kukaa.

Kwetu mambo yanakwenda kwa njia ya kimyakimya zaidi. Desemba 2020, kabla hata ya hukumu, Somalia ilikata uhusiano na Kenya. Mei 2021 ukarudi kwa upatanishi wa Qatar. Ndiyo, Qatar, nchi ndogo ya Ghuba, iliyapatanisha mataifa mawili ya Afrika Mashariki. Wahalisia wana kazi ya kulieleza hilo. Miraa ya Meru ilikuwa imefungiwa soko la Mogadishu tangu Machi 2020, kwanza kwa sababu ya korona, kisha kwa sababu ya uhasama, na wakulima wakapiga kelele mpaka Julai 2022 ilipoanza kuingia tena. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Leo mawaziri wa nchi hizi mbili hukaa kwenye vikao vya Arusha pamoja. Hakuna anayetaja bahari kwa sauti kubwa, na kila mmoja anajua mstari uko wapi.

Mkulima wa miraa wa Igembe, wakala wa bima, amiri wa Qatar, jaji, nahodha wa Kizingitini: hawa wote wamo katika kisa kimoja, na wengi wao si serikali. Ndiyo miaka minne ya ada yako hiyo. Wahalisia watakufundisha kuuliza nani ana nguvu. Waliberali watakufundisha kuuliza nani anamhitaji nani. Wako na wengine, wanaochunguza jinsi watu wanavyofikia kuamini kwamba kitu fulani ni "chetu". Mwanafunzi mzuri hachagui dini hapo. Anatazama kisa na kuchukua chombo kinachokifaa.

Lakini kuna swali ambalo nadharia zote tatu hulipita haraka, na wewe, kwa mahali ulikozaliwa, una haki ya kulikazania. Nani ana kiti mahakamani?

Sheria ya mahakama ile, kifungu cha 34, inasema ni nchi tu zinazoweza kushitaki au kushitakiwa. Mbajuni wa Kiwayu, upande wa Kenya, na Mbajuni wa Chovai, upande wa Somalia, ambao wameozana na kuzikana kabla ya kuwepo Kenya wala Somalia, hawakuwa wahusika katika kesi ya bahari yao wenyewe. Na si mara ya kwanza Lamu kuhukumiwa ikiwa nje ya mlango.

Wenzako wengi chuoni watakuwa hawajaisikia hukumu ya Lamu ya mwaka 1889, nayo iko katika kumbukumbu za usuluhishi wa kimataifa. Mambo yalikuwa hivi. Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Wajerumani walikuwa wamejipenyeza Witu, bara karibu na Lamu, kwa yule sultani aliyeitwa Simba, na kampuni yao ya Witu ikataka ikodishwe Lamu: forodha na utawala wake. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki nayo ikaitaka. Wajerumani wakadai Zanzibar ilikwisha kuwaahidi wao. Badala ya kupigana, Berlin na London zikampelekea shauri Mbelgiji mmoja, Baron Lambermont. Tarehe 17 Agosti 1889, akiwa Brussels, akaamua kwamba madai ya Wajerumani hayakuthibitishwa, na kwamba Sultani yuko huru kuwapa Waingereza. Ushuru wa kila gunia la ufuta na kila pembe iliyopita gati ya Lamu ukaamuliwa na mtu ambaye hakupata kuuona mji huu, na sikupata kuona popote kwamba mzee yeyote wa mitaa ya Mkomani au Langoni aliulizwa.

Wajerumani waliitii hukumu ile? Waliitii, na haikuwafaa kitu wala kuwadhuru sana, kwani tarehe 1 Julai 1890 waliketi tena na Waingereza na kufanya mapatano makubwa zaidi: Ujerumani ikaachia Witu na kuitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe kwenye Bahari ya Kaskazini, pamoja na mambo mengine. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Waingereza wakaichoma Witu. Ukitaka mfano wa kumfurahisha ami, mpe huu. Wakubwa walitii hukumu ndogo kisha wakabadilisha swali lenyewe.

Mpaka wa leo ni mtoto wa kalamu hiyohiyo. Lamu na Kismayu zilikuwa chini ya Sultani mmoja. Uingereza iliiahidi Italia ardhi mwaka 1915 ili iingie vitani upande wake, na ahadi hiyo ikalipwa kwa mkataba wa mwaka 1924: Jubaland, pamoja na Kismayu, ikahamishiwa kwa Italia mwaka 1925. Wabajuni wakalala upande mmoja, wakaamka pande mbili. Majaji wa The Hague walipoweka ncha ya penseli kwenye nukta ya kuanzia mstari wa baharini, walikuwa wanaiweka pale Waingereza na Wataliano walipokubaliana. Afrika huru iliamua Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka ya mkoloni, kwa kuogopa fujo kubwa zaidi. Naona uamuzi ule ulikuwa wa busara, ila Somalia yenyewe iliukataa wakati ule, na mwaka 2014 ikaja kufaidika nao. Nchi hubadili kauli kufuata maslahi, usije ukashangaa.

Ukitaka kuona wakubwa wa leo, huna haja ya kwenda mbali. Panda boti ya Pate, ukishatoka Mkanda utaziona kreni za bandari mpya ya Lamu, iliyozinduliwa Machi 2012 na Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, ikajengwa na kampuni ya serikali ya China na kufunguliwa Mei 2021. Kwenye ghuba hiyohiyo iko kambi ya jeshi la majini la Kenya ambamo Wamarekani wamo, na ambako Wamarekani watatu waliuawa kwenye shambulio la tarehe 5 Januari 2020. Washington na Beijing wanatazamana pale penye dema za watu wa Faza. Na pale pale wavuvi walipata kiti, ila kwa mlango mwingine: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600, kwa uharibifu wa bandari. Mwaka 2019 baraza la taifa la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi. Mambo ya kimataifa, yakashikwa kwa sheria ya nyumbani.

Sasa niingie swali lako la mwisho, ambalo ndilo ami analitaka hasa.

Maili 12 za kwanza kutoka ufukweni mstari ni wa katikati, na unakwenda kusini-mashariki. Ukitoka Kiunga ukashika kusini-mashariki unakwenda karibu sambamba nao, uko Kenya. Ukishika mashariki moja kwa moja, au ukipanda kaskazini kuufuata ufuo, unaukata. Ng'ambo ya pili, ndani ya maili 12, wewe uko Somalia kama vile umeingia mjini Kismayu, na sheria zake zinakuhusu zote. Kuanzia maili 12 hadi 200 hali ni tofauti kidogo. Nchi ina haki juu ya samaki, lakini Mkataba wa Sheria ya Bahari, ambao Kenya na Somalia zote ziliuridhia mwaka 1989, unasema kifungu cha 73 kwamba mvuvi wa kigeni aliyekamatwa kwa kosa la uvuvi hafungwi jela isipokuwa nchi hizo mbili zimekubaliana hivyo, na chombo na watu wake waachiliwe upesi kwa dhamana. Ami akikikariri kifungu hicho kimoja kitamfaa kuliko hotuba zote za bungeni. Ajue tu kwamba askari wa doria baharini huenda hajakisoma, kwa hivyo GPS yenye nukta za mpaka imtangulie kuliko kifungu.

Je, wavuvi hawakutajwa kabisa kule The Hague? Walitajwa. Kenya iliandika kwamba mstari wa katikati utawaharibia maisha wavuvi wake. Majaji wakajibu kwamba ushahidi walioletewa hauonyeshi madhara makubwa kiasi hicho. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo tulipopoteza kitu kilichokuwa kinaweza kutetewa. Kesi ilisukwa kuzunguka vitalu vya mafuta na latitudo, na wavuvi wakawekwa kama kitoweo cha pembeni.

Nasema kilikuwa kinaweza kutetewa kwa sababu kimewahi kutetewa, na hapa karibu. Desemba 1995 Eritrea na Yemeni zilipigania visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu. Zikakubali usuluhishi. Mwaka 1998 wasuluhishi waliipa Yemeni visiwa vya Hanish, lakini wakaamuru kwamba uvuvi wa jadi wa watu wa pande zote mbili uendelee kama zamani. Mwaka 1999 wakaufafanua: wavuvi wadogo wa pande zote waingie, wavue, watie nanga na kuuza samaki kwenye bandari za mwenzao kama wenyeji, bila kibali cha serikali. Meli kubwa za viwanda hazimo. Wasuluhishi hawakutegemea vitabu vya Ulaya peke yake. Walitazama pia mapokeo ya Kiislamu ya bahari ile, ambayo hayakupata kuwatenga wavuvi kwa mistari.

Kenya na Somalia sasa zimo katika jumuiya moja. Hakuna kinachozizuia kutiliana mapatano ya uvuvi wa jadi kama hayo, yenye maili kadhaa kila upande wa mstari, bila kugusa hukumu na bila yeyote kukiri kushindwa. Wanasiasa hawatayaandika wenyewe, na wakiyaandika watahitaji ushahidi ambao mwaka 2021 haukuwepo mezani. Ukifika mwaka wa nne na kutafuta mada ya tasnifu, huu hapa mfuko mtupu unaokungoja: majina ya miamba na maweko kutoka Kiunga hadi Koyama, kwa kinywa cha manahodha wazee, pamoja na msimu wa kila moja, kusi na kaskazi; risiti za kamba na mapezi ya papa yaliyouzwa Kismayu kabla ya 1991; leseni za zamani, zilizotolewa na upande wowote; na nani alizikwa wapi. Viandike kwa tarehe, jina la chombo na jina la msemaji aliyekubali kutajwa, na nakala moja uiache kwenye kumbukumbu za jumba la makumbusho pale Lamu, maana karatasi za chuoni hupotea.